Mwaka wa Mbawa na Mikia

Nilimsamehe Mama Mkubwa ndani ya basi, mahali fulani kati ya Mombo na Soni, kwenye zile kona ambazo wageni huzipita wamefumba macho. Nilikuwa nimepigiwa simu alfajiri nikiwa Tanga, nikaambiwa amefariki na mazishi ni alasiri, na njia nzima nilikuwa nagombana naye kichwani. Nilimshinda kila hoja. Kumshinda marehemu si kazi. Tulipoanza kupanda mlima nikagundua kwamba nimechoka, kwamba miaka yote hii nimembeba mwanamke yule mgongoni bila yeye kuniambia hata ahsante, nikasema kwa sauti, "Basi, yamekwisha, nenda zako." Kijana aliyekaa pembeni yangu alidhani namfukuza yeye, akaanza kuniomba radhi. Nilicheka. Nilifika Lushoto nikiwa mwepesi, nimeshasamehe, na kama ningekuwa na akili ningelia kidogo na wenzangu, nikazika, nikarudi zangu Tanga bila kuongea na mtu.

Habari za ukoo wetu sitazieleza. Wenye ukoo wanazijua na wengine haziwasaidii. Inatosha kusema kwamba Mama Mkubwa alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, na kwamba nilikaa kwake mwaka mmoja tu, nikiwa darasa la tano. Ulikuwa ule wakati maduka yalipoanza tena kuwa na vitu. Watu wazima walikuwa wameshazoea kupanga foleni ya sabuni, na ghafla sabuni zikawa za rangi tatu na muuzaji anakubembeleza uchague. Mitumba, ambayo zamani iliuzwa kwa kificho kama vile ni gongo, sasa ilimwagwa gulioni mchana kweupe. Mama Mkubwa aliacha kulima kabichi akaingia kwenye biashara hiyo kwa miguu miwili. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu ya soko, vyumba viwili. Kimoja alilala yeye, na kingine tulilala mimi, binti yake Hidaya, na belo, lile furushi kubwa la mitumba. Belo lilikuwa na nafasi nzuri kuliko sisi. Liliwekwa kwenye kona isiyovuja, juu ya mbao, na sisi tukajibana ukutani tukivuta harufu ya ile dawa ya nondo mpaka asubuhi. Chakula chetu nacho kilifuata belo. Belo likiwa zuri, tulikula viazi kwa nyama na Mama Mkubwa akaimba jikoni. Belo likiwa baya, ugali na mnavu, na ole wako uombe mchuzi.

Nililetwa pale kwa sababu mama yangu alikuwa mgonjwa. Alilala Kwai, nyumbani kwa bibi, kwenye chumba cha nyuma, na waliniambia kwamba wagonjwa hawakai na watoto. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa kupanda malori ya mboga kwenda Dar es Salaam, anarudi na viatu na vicheko. Sasa nilikuwa sijamwona tangu nilipohamishwa. Nilimwomba Mama Mkubwa anipeleke, akaniambia, "Tukimaliza belo hili nitakupeleka." Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nikaanza kulipenda belo, nikalisimamia kama mali yangu, maana kila nguo iliyotoka ilikuwa inanisogeza Kwai.

Kisha likaja lile belo. Mama Mkubwa alikuwa amelinunua Tanga kwa kuapiwa kwamba ni nguo za watoto, gredi ya kwanza. Alikata mikanda asubuhi, mlango umefungwa ili majirani wasione kabla ya wakati, na mimi na Hidaya tukashika pembe. Kilichomwagika sakafuni kilikuwa mbawa. Mbawa za waya na wavu, za waridi, za buluu, zenye unga unaong'aa ambao uligoma kutoka mikononi mwetu kwa siku nyingi. Chini ya mbawa zikatoka suruali. Mama Mkubwa aliishika moja akaivuta, akaigeuza, akatia mkono mpaka kwapani. "Hii suruali ina mguu mmoja," alisema. Akachukua nyingine. "Na hii. Jamani, na hii! Ulaya kuna vilema wangapi?" Zote zilikuwa na mguu mmoja mpana, magamba ya kung'aa, na chini kipande cha kitambaa kilichochanua. Alikaa chini katikati ya mali yake akaweka mikono kichwani. Nami, badala ya kucheka, nikaanza kulia, kwa sababu niliona wazi kwamba belo hili haliwezi kuisha milele.

Kitabu tulikikuta chini kabisa, kimelowa pembeni. Kilikuwa cha picha, maneno yake ya lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuijua. Ndani yake kulikuwa na watu wadogo wenye mbawa wakikaa juu ya maua, na mwanamke mwenye nywele ndefu ambaye kuanzia kiunoni alikuwa samaki. Siku hizi najua kwamba watu wa pwani humwita nguva na wana mambo yao juu yake. Sisi wa milimani samaki wetu alikuwa dagaa mkavu, amefika kwenye gunia. Lakini niliziangalia picha zile nikaelewa kwamba nguo zetu si za kuvaa, ni za kuwa. Nikamweleza Mama Mkubwa kwamba mtoto akivaa hivi anakuwa huyu. "Sasa nani atawaeleza watu gulioni?" akaniuliza, na jibu alishakuwa nalo.

Tatizo lilikuwa la bibi. Kule Kwai tulilelewa kwamba hadithi ni za usiku, moto ukiwa umewashwa na kazi zimekwisha. Anayesimulia hadithi mchana mama yake hufa. Hatukuambiwa kama kitisho. Tuliambiwa kama unavyomwambia mtoto asiguse sufuria ya moto. Nilimkumbusha Mama Mkubwa. Alifikiri, akasema hizi ni za Wazungu, hazijui mama yako ni nani. Nikakataa. Hapo ndipo alipochukua blanketi zito la kijivu, akalitundika kwenye miti minne ya kibanda chetu gulioni, likafika mpaka chini pande zote. Akaniinulia pembe. "Ingia. Kuna nini humo?" Nikasema kuna giza. "Basi ni usiku. Simulia." Nikakubali. Mtoto wa darasa la tano anayetaka kwenda kwa mama yake hukubali mambo mengi.

Watoto walikuja kwanza kwa sababu ya lile blanketi. Waliinama, wakaingia, wakakaa magoti kwa magoti, nami nikawasha tochi juu ya picha. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kitabu sikuwa naweza kukisoma, kwa hiyo nilitunga. Wale wadogo wenye mbawa niliwaita watu-kumbikumbi, na watoto wakaelewa mara moja, maana kumbikumbi kila mtu alimjua. Wakauliza kama hukaangwa. Nikasema ndiyo, hukaangwa, lakini wakiwa kwenye chungu huimba, na anayekula aliyeimba hufyatuka mbawa mgongoni. Walipiga kelele kwa furaha. Watoto ni wakatili sana wakiwa gizani na wenzao. Kadiri watu-kumbikumbi walivyokaangwa ndivyo walivyotaka zaidi. Nje mama zao walisimama kusubiri, na aliyesimama kwenye kibanda cha Mama Mkubwa hakuondoka hivihivi. "Mnunulie mbawa, mama Asha, mwone anavyolia." Kwa magulio machache tu mji ulijaa mbawa. Nilimwona mtoto anashuka kutoka Irente na mzigo wa kuni kichwani na mbawa za waridi mgongoni, nyuma yake mbuzi. Mikia nayo ilipata wanunuzi. Wanawake waliifumua wakashona vilemba, na mzee mmoja aliununua mzimamzima kwa sababu ulikuwa unaingia karoti vizuri.

Mimi nilimpenda yule mwanamke samaki. Watoto walimtaka kumbikumbi, lakini mwisho wa kila gulio nilijipa zawadi ya kumsimulia yeye. Nilisema alipanda mto kutoka mbali akakwama huku juu, maji yakapungua, akalazwa kwenye chumba cha nyuma, miguu yake imefunikwa shuka ili watu wasijue kwamba haipo. Anasubiri mvua. Mvua ikija, mto utajaa mpaka mlangoni, naye ataogelea mpaka kwa mwanawe. Kila gulio nilileta mawingu na kila gulio mvua haikunyesha, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba itanyesha siku nitakayokwenda Kwai. Belo la mbawa likaisha. Jioni ile tulikula nyama. Nikamkumbusha Mama Mkubwa ahadi yake, akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Umelisikia lile belo jipya? Tukimaliza hilo." Nilitoka nje nikapiga mateke ukuta mpaka kidole kikatoka damu. Gulio lililofuata nilikuwa tena chini ya blanketi.

Nilikuwa humo mama yangu alipokufa. Pembe ya blanketi iliinuliwa, jua likaingia kwa nguvu, watoto wakafunika macho, na Mama Mkubwa akasema tu, "Zaina, toka." Tulikwenda Kwai kwa gari la maziwa. Maiti ilikuwa imeshafika sebuleni, imefunikwa, na sikuruhusiwa kuona uso. Walisema hauko vizuri. Wanawake walijaa jikoni, na mimi nikawa nyuma ya ukuta wa miti, kwenye majani ya ng'ombe, nikasikia maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mmoja alisema, "Alikonda kama ukuni." Mwingine akasema, "Malori yale. Dar es Salaam haichezewi." Wa tatu akaguna, akasema ule ugonjwa mpya hauachi nyumba, ukimchukua mdogo unamtazama mkubwa, na kwamba yeye angekuwa na kijana wa kuoa asingemleta kwenye nyumba hii. Kisha wakarudi kwenye masufuria, kwa sababu Mama Mkubwa alikuwa ameingia.

Nimemwelewa baadaye sana, na kumwelewa hakukunipoza hata kidogo. Alikuwa na Hidaya, karibu anavunja ungo. Alikuwa na kibanda. Alihitaji mdogo wake awe amekufa kwa sababu nyingine, na alihitaji palepale, kabla uji haujapoa. Alinivuta kutoka nyuma ya ukuta kwa mkono, akanisimamisha katikati ya wanawake. "Mnataka kujua kilichomwua ndugu yangu? Huyu hapa. Kila gulio anakaa anasimulia hadithi, jua liko utosini. Mimi nilimkataza. Muulizeni kama sikumkataza." Wote waligeuka kwa bibi, mwenye desturi yake. Bibi aliniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama ni kweli nimesimulia mchana. Nikasema kulikuwa na blanketi. Nikasema ndani kulikuwa usiku. Mtu akacheka, kile kicheko cha msibani kinachomponyoka mtu, halafu akaona aibu akaanza kulia, na wote wakalia naye. Bibi aligeuza uso. Tangu siku ile mpaka alipofariki hakuniita tena jina langu.

Yaliyofuata mwaka ule nayakumbuka kwa vyumba na sahani. Nilipewa sahani yangu, bati lililobanduka rangi, nikawa nakula mlangoni. Mama Mkubwa hakunipiga. Alikuwa mpole kwangu kuliko mwanzo, na upole huo ulinitia hofu zaidi. Mbele ya wageni aliniombea dua. Hidaya aliambiwa asilale uso kwa uso na mimi, akawa ananikataza hata kuongea usingizini: "Ukiota, ota kimya. Mimi mama yangu bado yupo." Shuleni habari ilinitangulia. Wasichana waliziba masikio kila nilipoitwa kusoma kwa sauti, na mwalimu, ambaye alijua sababu, akaacha kuniita. Siku moja wakaja na mkia uliobaki kwenye belo, ule wa kijani, Hidaya ndiye aliyeuleta. Walinitia miguu yote miwili, wakanifunga kiunoni kwa kamba ya katani, wakanisukuma kwenye mteremko wa shamba la shule. Niliviringika juu ya matuta ya maharage mpaka chini kwenye mfereji, na huko juu walikuwa wakiimba, "Hadithi njoo, uongo njoo." Sikuwachukia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilipokuwa nimelala mle mferejini na matope mdomoni niliona ni haki yangu. Nilikuwa nimemwua mama yangu. Mwaka ulipoisha, shangazi wa Tanga alinichukua. Nimezaa watoto watatu na hakuna niliyemsimulia hata hadithi moja, mchana wala usiku. Waliomba. Niliwawashia redio.

Haya ndiyo niliyoyasamehe ndani ya basi. Nilimkuta Hidaya uani, amekaa juu ya kigoda, anamenya viazi vya msiba. Amenenepa, ana wajukuu, na macho yamechoka kwa kumwuguza mama yake. Tulishikana tukalia, na kilio changu kilikuwa cha kweli. Nilichukua kisu nikakaa naye. Ndani wanawake walikuwa wakimwosha marehemu. Tuliongea habari za kawaida, bei za viazi, magoti yake, wanangu. Kisha akaacha kumenya.

"Zaina, kuna jambo. Sasa Mama ameondoka, naona nikuambie, na mimi niwe mwepesi."

"Niambie tu."

"Mama mdogo hakufia Kwai."

Niliendelea kumenya. Nakumbuka ganda lilikuwa refu na sikutaka likatike.

"Alikuwa hapa. Walimleta hospitali ya hapa mjini akalazwa wodi ya juu, ile waliyokuwa wanawaweka wale wa ule ugonjwa. Alikaa mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji."

"Lini?"

"Wakati wa mbawa. Belo lile lilipoanza kuuzika." Alifuta mikono kwenye kanga. "Alikuwa anakuulizia, Zaina. Kila nikienda. Anasema mleteni. Mama akasema ukijua yuko hapa hutakaa tena chini ya blanketi, utakwenda kukaa kitandani kwake, na mzigo utatudodea. Halafu watu wangeuliza unakwenda wodi gani. Akaniapisha."

"Na wewe ukaapa."

"Nilikuwa mtoto. Na siku zile tulikuwa tunakula vizuri." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Lakini sikumwacha hivihivi. Nilikuwa nasikiliza nje ya blanketi, nikifika namsimulia ulichosimulia. Alikuwa anacheka wakikaangwa wale. Yule wa samaki alimpenda zaidi. Aliniuliza mvua itanyesha lini, nikamwambia Zaina bado hajasema."

"Ulimsimulia mchana," nilisema.

"Saa ya kuona wagonjwa ni mchana, dada."

Na huyu ndiye aliyenikataza kuota kwa sauti. Nilitafuta hasira ambayo nilikuwa nayo miaka yote, ile niliyoizoea, na sikuipata, kwa sababu nilikuwa nimeitupa njiani. Iliyokuja ilikuwa mpya kabisa. Kuniita muuaji nilikuwa nimemsamehe. Lakini nilikuwa nimekaa gizani kila gulio natunga mawingu kwa ajili ya mwanamke ambaye ningeweza kumfikia kwa kukimbia, hata bila viatu, na Mama Mkubwa alisimama nje akihesabu wateja, akijua.

Waliita. Jeneza lilitolewa uani, wanaume wakajipanga, sisi wanawake tukasimama barazani. Msemaji wa familia alisema maneno yanayosemwa, kwamba marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, na yeyote aliyekosewa naye anaombwa amsamehe hapa hapa kabla hajaondoka, asimzuie njiani. "Mmemsamehe?" aliuliza, na uani kote wakajibu kwamba wamemsamehe. Aliuliza tena, wakajibu tena. Hidaya alinishika kiwiko.

"Sema na wewe, Zaina. Wewe hasa. Nakuomba."

"Kitanda chake kilikuwa upande gani?"

"Cha nani?"

"Cha mama yangu."

Aliangalia chini. "Dirishani," alisema. "Aliomba mwenyewe tumsogeze, aone gulio."

Mara ya tatu msemaji alipouliza, Hidaya alijibu kwa sauti ya kutosha watu wawili. Mimi nilifunga mdomo. Wanaume waliinua jeneza, wakaanza kupokezana, wakaenda naye bila neno langu.